Faini ya Kihungwe

Rehani alizima gari bila kuambiwa. Mbele yao, pale ambapo barabara ya Kihungwe inabanwa na mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, palikuwa na gogo limelazwa kukatisha njia, bichi kabisa, utomvu bado unachuruzika. Asubuhi walipopanda halikuwapo. Nyuma ya gogo walisimama watu, wanawake mbele na miundu yao mikononi, wanaume wamejipanga kandokando ya barabara. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Eufrazia, maana alizaliwa kijiji hicho, na alijua kwamba watu wa kwao wakiudhika kidogo hupayuka, wakiudhika sana hunyamaza.

"Mwalimu," Rehani alisema bila kugeuka, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya usukani, "hawa ni watu wako. Shuka wewe."

Kwenye kiti cha nyuma, Bwana Allen aliuliza kwa Kiingereza kulikuwa na nini. Alikuwa Mwingereza mrefu, mtaalamu wa maji, aliyeletwa na mradi kupima vijito vya milimani. Eufrazia alimjibu kwamba hajui bado, kisha akafungua mlango.

Hakuwa mkalimani kwa kazi. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari mjini Morogoro, na nyumba yake ilikuwa Bigwa, chini kabisa ya mlima ule ule aliouacha akiwa msichana alipochukuliwa na masista kwenda kusoma. Huko kwa masista ndiko alikopata ugonjwa wake wa maneno. Palikuwa na kamusi moja kuukuu, nzito kama tofali la saruji, iliyoeleza si maana ya neno tu bali na kwao lilikotoka: hili Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, hili Wafaransa walilirithi kwa Warumi. Wenzake walipokwenda kucheza, yeye alibaki na kamusi. Alipokuwa mwalimu aliuhamishia ugonjwa huo darasani. Wanafunzi walimcheka kwa kutumia dakika nyingi juu ya neno moja, lakini waliomaliza shule walikuwa wakimsimamisha sokoni na kumuuliza, mwalimu, na hili je, kwao wapi?

Mwaka ule wa tisini na saba ulikuwa mwaka mgumu. Mvua zilikuwa zimegoma, na mjini mabomba yalikohoa hewa. Viwanda vilivyokuwa vya serikali vilikuwa vimefungwa au vinatafutiwa wanunuzi, na wanaume waliozoea kwenda zamu sasa walikaa vibarazani mchana kutwa. Kila kitu kilitakiwa kijitegemee, na maji nayo. Walimu walifundisha twisheni, wakafuga kuku, wakauza vitumbua. Kwa hiyo mradi ulipotafuta mtu anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kiluguru vizuri, mwalimu mkuu alimtaja Eufrazia, naye akakubali haraka. Aliambiwa ni kazi ya kupima maji. Hakuuliza yakishapimwa yatafanywa nini.

Asubuhi ile walikuwa wameteremka kwa miguu kufuata kijito, kutoka shamba hadi shamba. Kihungwe nzima inalima kando ya maji: kabichi, karoti, liki, njegere, mboga zinazobebwa kichwani hadi soko la mjini. Bwana Allen alikuwa akichota maji kwenye chupa, anayanyanyua juani, anatazama udongo wa ukingoni, anatikisa kichwa kukubali, kisha anasema, "Fine." Kwenye karoti za Bibi Angelina, "Fine." Kwenye liki za jirani yake, "Fine, fine." Walipofika kwenye kabichi za Mzee Gervas, kabichi zilizojaa na kufunga vizuri kuliko zote, alisimama akazitazama kwa furaha ya kweli na kusema, "Very fine."

Mzee Gervas alikuwa mjomba wake Eufrazia, ndugu wa mama yake, tumbo moja. Alikuwa analima. Jembe lake lilisimama hewani kidogo, kisha likashuka polepole, halikulima tena. Eufrazia aliliona jembe lile likisimama. Alidhani mjomba amechoka.

Sasa, akitembea kuelekea kwenye gogo, alielewa kwa nini lilisimama.

"Shikamoo mjomba," alisema.

Mzee Gervas alikuwa amesimama katikati ya wanawake, kofia yake mkononi. Alichelewa kuitikia. Kwa mjomba kuchelewesha marahaba ya mwipwa wake mbele ya watu ni jambo zito, na kila mtu alilisikia.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Mwambie mgeni wako ashuke. Anatudai, basi aje atudai hapa, tukiwa wengi."

"Hadai chochote, mjomba."

"Ametupiga faini. Shamba kwa shamba. Nimesikia kwa masikio yangu, na Angelina amesikia, na wote waliokuwa mtoni wamesikia. Na wewe ulikuwa pembeni yake, hukututafsiria."

Minong'ono ilipita nyuma yake kama upepo kwenye majani makavu. Mtu mmoja upande wa korongo alisema kwa sauti kwamba mwalimu ameshakula na wenye gari.

Lazima isemwe neno faini lilikuwa nini Kihungwe. Miaka ya hamsini, wakati wa Waingereza, Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani kote, wakitaka wasitake. Aliyekataa alipigwa faini. Gervas alikuwa kijana aliyeanza kuota ndevu; alikataa, kwa sababu matuta yaliufukua udongo mbaya na kuufukia mzuri, na hakuwa na cha kulipa. Alifungwa, akapigwa, akarudi na sikio moja lisilosikia vizuri. Mama yake Eufrazia alimsimulia habari hizo akimsuka nywele, na katika nyumba yao neno hilo halikutamkwa kwa mzaha, wala mtoto hakutishiwa nalo. Sasa mzungu mwingine alikuwa amepita mashambani na kulitamka mbele ya kila tuta, huku akichekelea.

"Mjomba, nisikilize," Eufrazia alisema, na akapandisha sauti ili wote wasikie. "Ndugu zangu, nisikilizeni. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana nyingine. Maana yake ni nzuri. Safi. Alikuwa anasifu maji. Kwako, mjomba, alisifu kabichi."

"Neno gani?"

"Fine."

"Ndilo hilo alilosema," mtu alisema, na kundi likasogea mbele hatua moja, bila kupangwa.

Bibi Angelina alikuwa amesimama ameegemea mpini wa jembe. Alikuwa mama wa makamo, si mkali, mtu wa kuuliza mambo taratibu. Aliuliza, "Mwalimu, sisi hatukusoma. Tuambie. Hilo fine la nzuri, na hili faini la mahakamani. Ni maneno mawili yanayofanana, kama mbuzi wa kufuga na mbuzi ya kukunia nazi? Au ni neno moja?"

Hapo Eufrazia angeweza kusema ni mawili, na pengine mambo yangeishia hapo. Aliliona jibu hilo likimngojea, jepesi, tayari kwenye ulimi. Lakini alikuwa amefundisha miaka mingi mno. Ukimuuliza swali kama hilo, ukweli ulimtoka wenyewe, kama chafya.

"Asili yake ni moja," alisema.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza.

"Asili gani?" Mzee Gervas aliuliza, akimgeuzia sikio lake zima.

"Ni Kilatini, mjomba. Kile cha misa ya zamani. Maana yake ya kwanza ni mwisho. Faini ilikuwa malipo ya kumaliza kesi. Na kitu kilichofika mwisho wa uzuri wake kikaitwa fine."

"Mwisho tu?"

"Mwisho. Au mpaka. Mpaka wa shamba, wa nchi."

"Mpaka wa shamba," mjomba alirudia, na sasa sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Kwa hiyo mtu amepita katika ardhi ya lukolo letu, ardhi ya ukoo wa mama zako na bibi zako, ardhi ya tumbo lililokuzaa, anatazama kila shamba na kusema mwisho, mpaka, mwisho, mpaka. Na wewe unatuambia ni sifa."

Jiwe lilipita juu ya kichwa cha Eufrazia na kugonga boneti ya gari. Hakuona lilikotoka. Nyuma yake alisikia mlango ukifunguliwa, na Bwana Allen akishuka huku Rehani akimsihi abaki ndani. Wanaume wa upande wa mwamba walisogea wakasimama kati yake na gari. Hawakumgusa. Walimwachia njia moja tu, ya kuelekea kwenye gogo, naye akaifuata, uso umemwiva kwa jua na hofu, mpaka akafika alipo Eufrazia.

"Wanasema nini?" aliuliza.

Eufrazia alimweleza kwa kifupi. Bwana Allen alifunika uso kwa mkono, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepona ajali. "Mungu wangu. Ni hilo tu? Waambie nimekosea. Waambie nasikitika sana."

Kicheko kile nusura kimponze. Mwanamke mmoja kijana aliinua mundu wake, na Bibi Angelina akamshika kifundo cha mkono bila kumtazama.

Wakati huo huo, Eufrazia alihisi jambo lililokuwa limemkera tangu asubuhi likija juu. Mjomba wake hakuwa mjinga, na watu hawa hawakuangusha mti kwa sababu ya sauti ya neno tu. Neno lilikuwa limekiamsha kitu walichokuwa nacho moyoni tangu siku gari la kwanza la mradi lilipopanda mlima. Na yeye, aliyepanda ndani ya gari hilo, hakuwahi kuuliza.

"Bwana Allen," alisema kwa Kiingereza, "haya mashamba ya kando ya kijito. Mradi ukianza, yatakuwaje?"

Kicheko kilikatika. "Hilo si uamuzi wangu."

"Najua. Yatakuwaje?"

Alitazama watu, akatazama gogo, akatazama viatu vyake. "Mjini wamechora mstari. Walio karibu na maji itabidi waondoke, ili chanzo kiwe salama. Karibu wote wa bonde hili, nadhani. Watapewa kitu, lakini sijui nini. Sikiliza, hili si jambo la kusema sasa hivi, na watu wana miundu. Waambie tu kila kitu ni fine."

Eufrazia aliwageukia watu wa kwao. Alijua akisema maneno hayo, kazi imekwisha, na labda usalama wa huyu mtu nao umekwisha, na wa Rehani, ambaye hakuwa na hatia yoyote ila kuendesha. Akinyamaza, gogo lingeondolewa jioni ileile, na mwakani wangekuja askari, na mjomba angekumbuka kwamba mwipwa wake alijua, akaficha.

"Nimemuuliza mashamba yatakuwaje," alisema. Sauti yake ilitoka ya darasani, polepole, kila neno mahali pake. "Amejibu hivi. Si yeye anayeamua. Mjini wamechora mstari. Walio karibu na kijito wataondolewa, karibu bonde zima. Watapewa kitu, hajui nini. Kisha ameniambia nisiwaambie sasa, kwa sababu mna hasira. Ameniambia niwaambie kila kitu ni kizuri."

Bwana Allen hakujua Kiswahili cha kutosha, lakini aliziona nyuso zikibadilika, akajua alichofanya mkalimani wake. "Umewaambia," alisema.

"Nimetafsiri."

Kelele ziliibuka, na ajabu ni kwamba Eufrazia alizipokea kama ahueni. Walipayuka wote kwa pamoja, Kiswahili na Kiluguru kikichanganyika. Wapo waliotaka gari litumbukizwe korongoni. Wapo waliotaka mzungu akae Kihungwe hadi mkuu wa wilaya aje mwenyewe kumkomboa. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekunywa alimkamata Bwana Allen ukosi wa shati, na vifungo viwili vikaruka. Rehani aliteremka na spana mkononi, akasimama nayo, hajui aipeleke wapi.

"Mwacheni," Mzee Gervas alisema.

Hawakumwacha mara moja. Ilibidi mzee alivuke gogo, kwa taabu, mguu mmoja halafu mwingine, aende auondoe ule mkono mwenyewe, kidole kwa kidole. Alipomaliza alimtazama mzungu kwa karibu. Walikuwa karibu umri mmoja.

"Mwipwa," alisema, "mwambie hatutamdhuru. Mimi nilipigwa na watu wasionijua jina, naujua utamu wake. Lakini hateremki mlima huu hadi arudi mtoni kwa miguu, atuonyeshe kwa kidole mstari unapita wapi. Shamba la nani umelichukua, la nani umeliacha. Atuambie machoni. Na wewe utafsiri kama ulivyotafsiri sasa."

Eufrazia alitafsiri. Bwana Allen alishikilia shati lake mahali palipokosa vifungo. Kisha alikubali kwa kichwa, safari hii bila kusema neno.

Basi walirudi mtoni, kijiji kizima nyuma yao. Jua lilikuwa linaegemea mgongo wa mlima. Bwana Allen alihesabu hatua kutoka kwenye maji, akasimama, akaonyesha. Bibi Angelina alichomeka kijiti. Walisogea shamba la pili, akahesabu, akaonyesha. Kijiti kikachomekwa. Mwanzoni aliifanya kazi hiyo haraka, kama mtu anayetaka iishe. Baadaye mwendo wake ulipungua. Kwenye shamba moja mstari ulipita katikati ya kibanda cha mjane, kati ya mlango na jiko, na mjane mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni amebeba mjukuu. Bwana Allen alihesabu tena, akitumaini kwamba amekosea. Hakuwa amekosea. Kijiti kilichomekwa.

Kwenye kabichi za Mzee Gervas shamba zima liliangukia upande wa maji, hakikubaki kitu nje ya mstari. Mzee alikitazama kijiti, akainama, akang'oa gugu lililokuwa limeota karibu nacho, akalitupa.

Walipofika mwisho Bwana Allen aligeuka akatazama vijiti vyote kurudi juu bondeni. Alimwambia Eufrazia kwamba mstari ule ulichorwa mezani, juu ya ramani isiyoonyesha nyumba hata moja, na kwamba atawaambia hivyo wenzake. Eufrazia aliwatafsiria. Hakuna aliyemshukuru, wala aliyemtukana. Wanaume walikwenda kuliviringisha gogo pembeni. Alipotaka kumuaga mjomba wake, alimkuta ameshaondoka kwa njia ya juu.

Wiki haikuisha kabla hajaitwa ofisi ya mradi. Msimamizi, kijana wa kutoka Dar es Salaam, mwenye adabu, alimwambia, "Mama, tulikuajiri kutafsiri, siyo kuchochea." Eufrazia alimuuliza ni neno gani kati ya aliyoyatafsiri lilikuwa la uongo. Kazi iliishia hapo, akarudi kwenye chaki na twisheni. Milimani nako hakupokewa kama shujaa. Walikuwepo waliosema kama si yeye, mzungu asingefika mtoni, na mama yake mdogo alikaa muda mrefu akimpita sokoni kama hamjui. Eufrazia aliona hawakukosea kabisa, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, si ile kazi.

Lakini mradi uliitisha mkutano, na watu wa Kihungwe walikwenda wakijua mstari uko wapi na umepita juu ya nani. Haukuwa mkutano wa kuambiwa. Ulivunjika mara mbili, ukarudiwa, hadi ikakubaliwa mstari uchorwe upya, vibanda viachwe, na mashamba yale ya ukingoni yavunwe kwanza kabla ya mazungumzo mengine. Inasemekana Bwana Allen alisema maneno makali kule mjini. Eufrazia hakuwepo kuyasikia, na mwaka haukuisha kabla mtaalamu huyo hajarudi kwao.

Kisha ile mvua iliyogoma ikaja yote kwa mpigo. Kila mtu mzima anaikumbuka mvua ile, jinsi ilivyozoa madaraja na reli. Kihungwe kijito kilipanda usiku na mchana, na kilipotulia, ukingo ulikuwa umekwenda, tope na mawe yamelala palipokuwa na karoti na liki. Kabichi za Mzee Gervas zilikuwa zimevunwa, ashukuriwe Mungu, lakini udongo wake ulikuwa njiani kwenda baharini.

Barabara ilipopitika kwa miguu, Eufrazia alipanda. Alimkuta mjomba wake amekaa juu ya jiwe, anatazama mahali palipokuwa shamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwipwa. Karibu." Aliitikia papo hapo, akamsogezea nafasi kwenye jiwe.

Walikaa. Eufrazia alisema kwamba kule juu, karibu na msitu, kuna kipande alichoachiwa na mama yake, ambacho hakijaguswa na jembe tangu mama alipofariki. Alisema yeye ni mtu wa chaki, na kuwa ardhi ya lukolo haifai kulala bure wakati mjomba wa mtu anakaa juu ya jiwe.

"Kule kuna mteremko mkali," mzee alisema.

"Upo."

"Kabichi hazitakubali. Njegere labda."

"Njegere ni nzuri, mjomba."

Mzee Gervas alifikiri. Alisema wapande wakakitazame kabla mvua haijaanza tena, akamwomba amshike mkono, kwa sababu njia ilikuwa inateleza.